Pikapu Iliyokaa Kitako

Wahenga hawakumkataza mtu kuwashwa. Walisema tu kwamba mtu hujikuna ajipatapo, yaani kila mmoja ashike jambo ambalo uwezo wake unalifikia, kwa kuwa anayeng'ang'ania kukuna pasipofikika huteguka bega, na mwasho usimtoke. Fundi cherehani mmoja aliijua methali hiyo tangu utotoni. Aliijua kwa mdomo. Siku alizoijua kwa mgongo ndizo hizi tunazozisimulia.

Fundi huyo aliitwa Bwana Futi, maana futikamba haikumtoka shingoni hata akiwa mezani anakula. Kwa kupima hakuwa na mpinzani. Mteja alipimwa kiuno mara tatu: akivuta pumzi, akiitoa, na akiwa ameshiba. Mkewe alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene, ambaye mbuzi wakorofi walimtii kuliko walivyowatii wenye mbuzi.

Mwaka huo mkewe aliteuliwa kuzunguka na chanjo ya mbuzi katika makazi ya mbali kwa miezi mitatu. Kazi hiyo alikuwa ameiomba kwa miaka sita. Alipewa sharti moja tu: awe na gari lenye friji la kutunza chanjo, joto lake la ndani lisishuke chini ya nyuzi mbili wala lisipande juu ya nane. Mkaguzi angefika Jumatatu asubuhi na kipimajoto chake. Friji likishindwa, chanjo na safari vingekwenda kwa daktari mwingine.

"Mimi ndiye dereva wako," Bwana Futi alimwambia mkewe. "Wewe na sindano yako, mimi na yangu."

Pikapu walikuwa nayo, ndogo lakini ngangari, ya miaka kumi na moja. Walichokosa ni kijumba, kile chumba kinachopakiwa nyuma ya pikapu, chenye kitanda, jiko na friji la gesi, msafiri akalala popote jua linapomchwea. Basi Alhamisi wakaenda yadi ya mama mmoja mcheshi aliyeviuza vijumba hivyo na kuvitengeneza mwenyewe vikiharibika. Watu walimwita Mama Baridi, kwa jinsi mafriji yalivyomwogopa.

Mama Baridi akawapeleka moja kwa moja kwenye kijumba kidogo cha rangi ya maziwa. "Hiki kitaikaa pikapu yenu kama kofia kichwani."

Bwana Futi alikitazama kama mtu aliyeletewa chai ndani ya kizibo. Moyo wake ulikuwa kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa lori kubwa. Juu ya lori hilo shemeji alikuwa amepakia kijumba chenye bafu, na hakuna Jumapili iliyopita bila kutania: "Shemeji, ukichoka kuoga kwa ndoo, karibu kwangu." Bwana Futi akaangaza macho yadini. Kule pembeni akakiona: kitanda cha kujinyoosha watu wawili, jiko la mafiga manne, oveni, kabati lenye kioo, na bafu! Naam, bafu.

"Hicho," akasema.

"Baba, gari lenu linabeba kilo ngapi?"

"Mama, mimi nimepima watu miaka thelathini. Mambo ya vipimo niachie mwenyewe."

"Umepima watu kiuno. Gari umewahi kulipima mgongo?"

Mkewe akaangua kicheko. Kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo, maana Bwana Futi alivimba kama andazi katika mafuta. "Pakia!" akaamuru.

"Sawa, mwenye macho haambiwi tazama," Mama Baridi akajibu. "Ila yadi yangu hubadilishana ndani ya siku saba. Usione haya kurudi."

"Haya ya nini?"

Kijumba kilipoteremka mgongoni mwake, pikapu ilikaa kitako kama mbwa anayesubiri mfupa. Pua yake ilitazama juu. Usukani ukawa mwepesi, kana kwamba Bwana Futi anazungusha sahani tupu.

"Mume wangu," mkewe aliuliza njiani, "mbona naona mawingu tu?"

"Si ulitaka safari? Tazama mandhari."

Kule yadini friji la kijumba lilikuwa limegandisha maji mpaka yakawa jiwe. Lakini Ijumaa asubuhi, walipolifungua nyumbani, chupa ya maji ilikuwa na uvuguvugu wa kuogeshea mtoto mchanga. Bwana Futi akakunja mikono ya shati. Alibadilisha mtungi wa gesi. Alisafisha kichomeo kwa brashi yake ya cherehani. Alizungusha kitufe cha baridi mpaka mwisho, akakirudisha, akakizungusha tena kwa hasira. Moto ulikuwa mzuri, wa samawati, wala hautetemeki. Nyuma ya friji palikuwa na joto kama inavyotakiwa. Ndani nako joto vilevile.

Jumamosi asubuhi alikishusha kijumba kikasimama juu ya miguu yake minne ya chuma, ili alifungue friji kwa nyuma. Kabla hajagusa skrubu, mteja akamwita dukani, naye akaenda akaliacha linawaka. Aliporudi jioni, chupa ilikuwa inatoa jasho la baridi! Alipiga vigelegele kama bibi harusi amewasili. Akakipakia kijumba upya, akakaza mikanda, akalala usingizi wa mshindi. Jumapili asubuhi maji yalikuwa ya uvuguvugu.

"Lina jini hili!" akafoka, akilipiga friji kofi.

"Halina jini, lina sababu," mkewe akasema. "Mpigie Mama Baridi."

"Nimpigie aseme nini? Aniulize tena kama nimelipima gari mgongo?"

Mkewe hakubishana. Aliketi kwenye ngazi ya kijumba, akatoa simu na kuanza kuandika polepole. Bwana Futi akachungulia begani. Ulikuwa ujumbe wa ofisini: daktari anaomba radhi, gari lake halikufaa, safari apewe mwingine mapema ili mbuzi wasichelewe kuchanjwa.

"Mke wangu, unafanya nini?"

"Miaka sita nimesubiri," akajibu bila kuinua uso. "Kama ni kukosa, nikose mimi. Mbuzi hawana kosa."

Hapo majivuno ya Bwana Futi yalipasuka kama mshono wa suruali ya mtu mnene. Aliichukua simu mkononi mwa mkewe, taratibu, akaufuta ujumbe. "Panda gari," akasema. "Twende nikaaibike."

Mama Baridi, ambaye aliishi palepale yadini, aliwapokea akiwa na kikombe cha chai. Bwana Futi akasimulia yote, hata la brashi, hata la kofi. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Likiwa juu ya miguu yake linapoa, likiwa juu ya gari linagoma?"

"Hivyohivyo."

Hakufungua hata skrubu moja. Alichukua pimamaji, kile kifaa cha waashi cha kupimia usawa, akakilaza ndani ya friji. Kipovu kikakimbilia mwisho kama panya aliyeona paka.

"Baba, friji hili haliumwi. Linaloumwa ni gari, na linaumwa mgongo. Friji la gesi halina mota. Dawa iliyo ndani ya mabomba yake hushuka kwa uzito wake yenyewe, kama maji ya mfereji. Likisimama sawa, inashuka na baridi inakuja. Wewe umelilaza chali, dawa imetuama. Moto unawaka bure."

"Tukiweka matofali chini ya magurudumu ya nyuma?"

"Ukiegesha, sawa. Barabarani je? Daktari atakimbia nyuma ya gari na matofali kichwani?" Mkewe akaziba mdomo ili asicheke. "Na huo usukani mwepesi? Magurudumu ya mbele yameanza kuiaga ardhi. Kona moja kali, na nyote wawili mtakuwa wageni wa mtaroni. Hebu fungua mlango wa dereva, usome kile kibati."

Bwana Futi akainama. Kilikuwapo kibati, kimeganda vumbi. Alikifuta kwa kidole akasoma kwa sauti iliyozidi kufifia: mzigo usizidi kilo mia saba, watu wakiwemo.

"Kijumba hicho kitupu ni kilo mia tisa," Mama Baridi akasema. "Bado maji ya bafu. Bado mitungi. Bado nyinyi."

"Miaka kumi na moja unafungua mlango huu!" mkewe akasema. "Mtu anayepima kiuno cha mteja akiwa ameshiba!"

Bwana Futi alipanda ngazi ya kijumba. Alilitazama bafu kwa mara ya mwisho, kama mtu anayemuaga mgeni aliyempenda. Kisha akaanza kulegeza mikanda.

Kile kijumba cha rangi ya maziwa alikipima sawasawa safari hii: urefu, upana, kimo, mara tatu tatu. Aliuliza uzito wa kila kitu, akajumlisha na wao wawili, na maji, na gesi, na mizigo, jumla ikaishia chini ya mia saba. Alipima sanduku la chanjo na friji dogo la kijumba hicho. Likaingia kama mguu katika kiatu chake. Kilipopakiwa, pikapu ilisimama wima, pua mbele, kama askari kwenye gwaride. Friji likawashwa saa nane mchana.

Jumatatu asubuhi mkaguzi alifika, mtu asiyecheka wala kununa. Alifungua friji, akatumbukiza kipimajoto, akasubiri. Bwana Futi alikuwa ameacha kupumua. Mkewe alikuwa amemshika mkono, anauminya mpaka unauma.

"Nyuzi tano," mkaguzi akasema. "Leteni chanjo."

Daktari alipiga kelele iliyowatimua kuku wa jirani. Wakati huohuo shemeji akafika na lori lake kuwaaga. Alikitazama kijumba, akakizunguka, akashika tumbo kwa kicheko.

"Shemeji! Nilisikia umenunua jumba. Umelifua likanywea?"

Zamani maneno hayo yangemkosesha Bwana Futi chakula cha siku mbili. Asubuhi hiyo alicheka hata akafuta machozi. "Shemeji, mkono wako mrefu, unafika katikati ya mgongo. Wangu unafika kiunoni. Bahati nzuri, kinachoniwasha kiko kiunoni."

"Na kuoga?"

"Kwa ndoo!" mkewe akajibu kutoka ndani ya gari. "Twende, dereva, mbuzi wanangoja!"

Pikapu ikaondoka mbiombio, usukani mzito wa kutosha, barabara yote wazi mbele ya macho yao, na chanjo baridi nyuma yao. Bwana Futi hakupata bafu, lakini mkewe alipata safari aliyoingoja miaka sita, na yeye akapata kuwa dereva wake. Ama kweli, mtu hujikuna ajipatapo.