Oili Nyekundu ya Kajiru

"Tazama ulichomwaga kabla hujajaza." Maneno hayo nimemwambia Mbonea sasa hivi, maana anatutangazia kwamba leo anaacha kazi na kesho anaanza nyingine, nanyi mmecheka mkidhani shangazi yenu anazungumzia ndoo ya maji. Basi acheni kucheka, msogee hapa. Methali hii haina umri mkubwa. Mtu aliyeifanya izaliwe nilimfahamu kwa uso na kwa jina, na chanzo chake kilikuwa hivi.

Kule kwetu, chini ya milima ya Upare, aliishi mwanamume aliyeitwa Kajiru pamoja na mkewe Nakijwa. Baba yake Nakijwa, Mzee Senkondo, alikaa nao kwa sababu mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili. Mzee yule alikuwa mtu wa heshima zake. Hakulalamikia giza. Jambo lililomtafuna lilikuwa moja tu: binti yake wa kumzaa ndiye aliyemshika mkono kumpeleka chooni. Kwetu hilo lina uzito wake, na mkwe kulifanya ni aibu kubwa zaidi, hamhitaji kuelezwa.

Ikatangazwa kuwa madaktari wa macho watafika kwenye hospitali ya juu mlimani kwa siku moja, na kwamba watakaowahi asubuhi ndio watakaopasuliwa. Nakijwa akamtafutia baba yake nafasi kwenye gari la kanisa lililokuwa likipeleka wagonjwa. Kajiru akakataa kabisa.

"Mkwe wangu apande gari la msaada, nami nina gari uani? Watu watanionaje?" Akaenda mwenyewe kuirudisha ile nafasi.

Gari lake lilikuwa la otomatiki, kuukuu, limekaribia kilomita laki mbili. Gari la umri huo hudai servisi kubwa kabla ya kupandishwa mlima, na hapo Kajiru hakukosea. Alikosea alipoona kwamba servisi hiyo haihitaji fundi. Alikuwa ametazama video kwenye simu, basi akajiona amehitimu. Akanunua oili mpya ya injini, akaazima jeki na spana, akaingia chini ya gari. Majirani wakaja kutazama kama watu wanaotazama ng'ombe akichinjwa, naye Kajiru akafurahi kwa wingi wao.

Akafungua nati, oili ikamwagikia kwenye beseni. Ilikuwa nyekundu.

"Baba Elinami," Nakijwa alimwuliza mumewe, maana ndiye aliyeshika beseni, "mbona nyekundu? Oili ya gari ikitoka si huwa nyeusi? Hebu itazame kwanza kabla hujajaza nyingine."

Kajiru akacheka kule chini kwa sauti ya kusikika na wote. "Nyeusi ni ya magari ya watu wachafu! Gari likitunzwa, hata oili yake hutoka safi. Wewe shika beseni."

Watu wakacheka pamoja naye. Nakijwa akashika beseni.

Kajiru akafunga nati, akafungua boneti, akaimimina ile oili mpya yote kwenye injini. Chujio la oili alilitafuta, hakuliona lilipo, akasema lililomo bado zima. Alipopima kwa kijiti akakuta oili imepita alama mbali sana. "Imeshiba," akasema, akafunga boneti.

Sasa, kwetu oili chafu haitupwi. Hupakwa kwenye nguzo za uzio ili mchwa wasizile. Jirani yao Bi Nambike, mjane, alikuwa ameiomba, akapewa. Jioni ile ile akarudi na kopo lake.

"Kajiru mwanangu, hii nimeipaka haishiki. Nyepesi mno, na rangi yake siielewi. Usije ukawa umetoa kitu kingine."

"Bi Nambike, umepewa bure na bado unachagua? Kama huitaki, iache hapo."

Akaliacha kopo kizingitini, akaenda zake. Kajiru hakujisumbua hata kuinama.

Asubuhi Mzee Senkondo alivalishwa koti lake la ibada, akaketishwa kiti cha nyuma, binti yake kando yake. Tambarare walikwenda, ingawa gari lilikuwa likisitasita. Walipoanza kupanda mlima, kwenye kona ya pili, injini ikanguruma, moshi ukatoka, na gari likaacha kwenda. Kajiru akazidi kukanyaga. Injini ikapiga kelele kubwa zaidi, magurudumu yametulia tuli.

Mzee Senkondo aliusikia ule mngurumo, akatabasamu. "Leo tunakwenda kasi," akasema. "Tumekaribia?"

Kajiru akashuka, akafungua boneti, akachomoa kile kijiti. Kilitoka kimelowa oili nyeusi tititi. Nakijwa alikuwa amesimama nyuma yake.

"Kama hiyo nyeusi bado imo humu ndani," akamuuliza taratibu, "ile nyekundu uliyomwaga ilikuwa ya wapi?"

Hapo Kajiru akaelewa. Alikuwa amefungua nati ya giaboksi. Oili ya giaboksi, ambayo kwenye gari la otomatiki huwa nyekundu na bila hiyo magurudumu hayazunguki, ndiyo aliyoigawa ikapakwe nguzo za uzio, na injini akaijazia mpya juu ya ile ya zamani. Na badala ya kukiri, akasema, "Linapoa tu. Likipoa litapanda."

Akapita kijana wa bodaboda, akasimama. "Vipi wazee, niwasaidie? Nampandisha babu mpaka hospitali."

"Tuko sawa, kaka. Linapoa tu."

Kijana akaondoka. Kajiru alijua kabisa kwamba gari lile halitapoa likapanda. Alijua! Lakini aliona heri jua liwachome pale barabarani kuliko kufungua mdomo mbele ya mkwe wake. Akakaa akiipepea ile injini kwa kofia yake, mtu mzima, mpaka Nakijwa aliposhindwa kuvumilia, akasimama katikati ya barabara na kuizuia bodaboda nyingine. Walipofika hospitali madaktari walikuwa wamekwisha kufunga masanduku yao.

Waliambiwa wangoje mwaka mwingine. Wakangoja. Mwaka ulipofika, daktari alimwangalia mzee kwa muda mrefu, kisha akasema mtoto wa jicho ameiva mno akaleta presha ya macho, mishipa imekufa, hakuna tena cha kupasua.

Siku waliyorudi na jibu hilo, majirani walikusanyika uani kumpa mzee pole. Nami nilikuwapo. Kajiru akapiga magoti mbele ya watu wote.

"Baba, nisamehe. Nilimwaga oili ya giaboksi nikidhani ni ya injini. Nililijua kosa langu pale pale kwenye kona, nikaona haya kulisema. Ile bodaboda ya kwanza ingekuwahisha."

Bi Nambike akatazama chini. Nakijwa ndiye aliyesema, na hakupaza sauti.

"Nilikwambia, Baba Elinami. Nilikwambia utazame ulichomwaga kabla hujajaza."

Mzee Senkondo hakumlaani mkwewe wala hakumsamehe. Alijipapasa, akainuka. Kajiru naye akainuka haraka kumshika.

"Nikupeleke mimi, Baba. Tangu leo nitakupeleka mimi."

"Wewe ni mkwe," mzee akajibu, akauondoa ule mkono begani kwake. "Aibu niliyo nayo inanitosha, usiniongezee ya pili." Akanyoosha mkono hewani. "Nakijwa, mama, nishike."

Binti akamshika, wakaukatiza ua polepole kuelekea chooni mbele ya macho yetu sote, na Kajiru akabaki amesimama, mikono yake haina kazi.

Mbonea, mbona hucheki tena? Kazi ni yako na maisha ni yako, sikuzuii. Ila tazama ulichomwaga kabla hujajaza.