Kanga Alivyozika Vyungu vya Moto

Haya, masikio yako wapi?

— Yako kichwani!

Niwaletee ndogo au kubwa?

— Kubwa!

Basi mmeipata, tena kwa anayeijua. Wapo wengine wanaoisimulia, lakini wakifika katikati wanaiharibu.

Zamani, zamani sana, Ngiri alikaa kilima cha huku, Nyani alikaa kilima cha kule. Katikati palikuwa na bonde la nyasi, na humo Kanga alikuwa amelalia mayai yake.

Siku moja Ngiri akaokota kaa la moto, akalitia chunguni. "Nyani akinichokoza, nachoma!"

Nyani akasikia, akatafuta lake. Ngiri akaongeza chungu cha pili, Nyani naye cha pili. Ngiri cha tatu, Nyani cha tatu. Wakawa wanashinda wakipuliza makaa, kulima hawalimi. Na kiangazi kilikuwa kimezikausha nyasi mpaka zinalia zikiguswa.

Kanga akatazama nyasi, akatazama mayai. Mayai hayana miguu.

Akaenda kwa Ngiri. "Mtani, zima moto."

"Aanze Nyani."

Akaenda kwa Nyani. "Mtani, zima moto."

"Nianze mimi? Umeniona zuzu?"

Kanga akarudi kiotani, akawaza. Yeye alikuwa mtani wa Ngiri, tena mtani wa Nyani. Na mtani mnamjua! Anakuja msibani kwako, anavaa koti la marehemu, anaigiza kikohozi chake, anaondoka na sufuria ya wali. Ukikasirika, aibu ni yako.

Basi akachakura, akachakura, akachakura mpaka likawa kaburi. Akalijaza maji. Akajipaka majivu, akapiga yowe la msiba.

Ngiri akaja na jamaa zake, Nyani na jamaa zake. Walikuja wamebeba vyungu vyao, maana nani angethubutu kuviacha nyumbani?

"Ooo, Ngiri wangu! Ooo, Nyani wangu!" Kanga analia.

"We Kanga, umerukwa na akili? Si tupo hapa!"

"Nawalia mapema, watani. Mkishawasha, nani atabaki awalilie?"

Akainua mkia juu kama Ngiri, akakimbia huku na huku: "Nimeshinda! Nimemchoma Nyani! Mke wangu, toka uone! Wanangu! Jamani, mbona hamtoki?"

Akajikuna kwapa kama Nyani: "Nimeshinda mimi! Lakini kinachonuka ni shimo la Ngiri, au ni mgongo wangu?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mke wa Ngiri hakucheka.

"Baba watoto," akasema, "mpe mtani anachotaka."

"Nataka vyungu," Kanga akadakia. "Vya huku na vya kule, kwa pamoja. Anayemnyima mtani msibani, aseme watu wamsikie."

Ngiri na Nyani wakashika vyungu vyao. Wakainua pamoja, wakamimina kaburini pamoja. Chaa! Chaa! Chaa!

"Sasa napekua," Kanga akasema. Akachakura alipokaa Ngiri: baridi. Akaenda kwa Nyani, akamkuta amekaa kitako, amejibana.

"Inuka, mtani."

"Goti linaniuma."

"Inuka, mtani."

"Limezidi."

"Inuka, mta—"

"Mama yangu weee!"

Nyani huyo juu, makalio yanafuka moshi! Kumbe alikuwa amekalia kaa, amelificha. Nyasi zikashika, moto ukakimbilia kiotani. Kanga akayatandazia mayai mabawa, hakuondoka.

Ngiri hakuuliza moto ni wa nani. Alipiga pembe ardhini, akarusha udongo, akarusha udongo, mpaka moto ukafa hatua moja kutoka kiotani. Nyani, machozi yanamtoka, akalibeba lile kaa mwenyewe, akalitupa majini.

Tangu siku hiyo makalio ya Nyani ni mekundu. Nendeni mkamtazame kama naongopa. Na Kanga anachakura kokote apendako, huku na kule, hafukuzwi. Vifaranga wakaanguliwa, bonde likalimwa.

Funzo lake ndilo hili: silaha ya kuteketeza wote haina mlinzi, ina mwenye kuikalia tu. Leo wapo wakubwa wa dunia waliokalia mabomu ya nyuklia, kila mmoja anamwambia mwenzake aanze. Wayazime pamoja, wakubali kupekuliwa. Yatazimika, nawaambia mimi.

Ngano yangu imelala, nimeifunika shuka. Anayetaka kuiamsha, kwanza aniletee chai.