Mbwa Aliyeogopa Kuitwa Kipenzi

Sogeeni, na mwenye kubisha abishe usingizini, maana ngano hii hakuna anayeijua kama mimi.

Bi Nakijwa, mfinyanzi wa vyungu, alimwiba mbwa kwenye pango la zimwi. Zimwi likamfokea kwa mbali: "We bibi matope! Jua likizama hajakugusa kwa hiari yake, namrudisha, na safari hii namla!"

Mbwa akajibanza nyuma ya vyungu. Bi Nakijwa akamwita, "Njoo, kipenzi." Mbwa akarudi nyuma. Akamwita kwa nyama, akarudi nyuma. Akamwimbia, mbwa akajikojolea. Kumbe zimwi nalo lilimbembeleza hivyo hivyo kila lilipotaka kumchapa!

Jua likaanza kuzama, mama wa watu yuko hoi. "Basi, baba, mimi nimechoka." Akampa mgongo, akanyoosha miguu, akakanda udongo wake kimya.

Mara akahisi pua ya baridi kisiginoni.

Zimwi likatokea, limelegeza sauti: "Njoo, kipenzi changu."

Mbwa akajilaza juu ya miguu ya Bi Nakijwa, akatoa meno, akanguruma. Zimwi likayeyuka kama samli, miguu kwanza, mdomo mwisho, bado unabembeleza.

Bi Nakijwa hakugeuka hata kutazama. "Usiinuke, baba," alisema. "Miguu ndiyo kwanza inapata joto."

Ngano imelala, nanyi mkalale.