Mti Uliochorwa Kikaoni

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzi tu, warina asali wa msitu mmoja walikutana kuzungumzia ardhi yao. Wakamwita binti yao Chesang, aliyesomea uchoraji chuo kikuu, awachoree maneno yao papo hapo kwenye kitambaa kirefu ukutani.

Mzee akisema, Chesang anachora. Mama akisema, Chesang anachora. Hakuacha hata jani.

Akasimama Mzee Sironga, akausimulia mti wa nyuki wa ukoo wao. "Unavuka kijito, unashika kushoto penye jiwe jeusi."

Chesang akasita. Bibi yake aliwahi kumpeleka kwenye mti huo. Njia ilishika kulia. Mzee amesahau, akawaza. Akachora kulia.

Kwao mchoro hautundikwi kabla msemaji hajaukubali. "Babu, tazama vizuri. Mchoro uko sawa?"

Mzee alitazama uso wake mwenyewe mchoroni tu, akacheka mpaka akakohoa. "Haya masikio ni yangu au ya popo? Tundikeni!"

Mwenyekiti, Mama Taplelei, akakitundika kitambaa nje, kando ya barabara ya malori ya mbao. "Wapita njia nao wajue msitu huu una wenyewe."

Wiki haikwisha. Mti ulikutwa umeanguka, shina limechomwa, asali imekombwa, nyuki wamelala majivuni kama makapi ya wimbi. Juu ya jiwe jeusi paliachwa kipande cha kitambaa kilichokatwa kwa kisu: kijito, jiwe, mti.

Chesang aliketi palepale matopeni.

Kikao kikaitishwa. Kwao, aliyeuponza ukoo hunyang'anywa kigoda chake, asiketi tena na wenzake.

"Nilisema kushoto makusudi!" Mzee akafoka. "Mbele za watu njia ya nyuki hupindwa. Nani aliinyoosha?"

"Hukunifundisha hilo, babu," Chesang akasema. "Nami nilikuomba utazame."

"Ulikuja na kalamu, hukuja na swali!"

"Mimi nilitundika kilichokubaliwa," akasema Mama Taplelei. "Mimi si wa ukoo wenu. Ningejuaje kuwa ile ni njia ya kweli?"

"Lakini barabarani, mama? Kwa wakata mbao?" mtu akaguta.

Watu wakatazama vigoda vitatu, hakuna aliyenyoosha mkono. Haya, ninyi mnaosikiliza: mngeondoa kigoda cha nani?