Kwa Nini Ganzi Haikai

Nyinyi mliokaa benchi hili la daktari wa meno na pamba mdomoni hamwezi kunikatiza, basi leo nitasema mpaka nichoke. Na wewe baba mwenye koti, acha kuutafuna huo mdomo! Hujui yaliyompata Naetwe?

Zamani hizo ganzi haikuwapo. Huko milimani Upare kila nyumba ilikuwa na Maumivu wake, mzee mkali aliyekaa karibu na jiko. Jino likioza, mganga aliling'oa Maumivu akiwa papo hapo, na mgonjwa alishikwa mikono na miguu.

Naetwe, mtoto wa pekee wa Namkunda, akaota jipu kwenye ufizi. Shavu likavimba mpaka jicho likafumba. Mganga akasema jino lisipotoka, mtoto haponi. Lakini kila alipomgusa, Naetwe alipiga ukelele na kujitupa chini, na mama yake, maskini, akalia naye.

Mwishowe Namkunda akamwendea Maumivu. "Babu, nakupigia magoti. Toka nje kidogo, mwanangu ang'olewe jino."

"Nitatoka," akasema Maumivu, "lakini usinifungie mlango. Mimi mkali, ila ndimi mlinzi wenu."

Akatoka. Jino likang'oka, usaha ukamwagika, Naetwe hata hakupepesa jicho. Jamani, Namkunda alivyofurahi! Mganga alipokwenda zake tu, akapiga komeo. Nani atamlaumu? Hata mimi ningelipiga.

Akampa mtoto kiazi. Naetwe akatafuna, akacheka, akatafuna tena. Mama alipogeuka, aliona damu inachuruzika mpaka kifuani. Kiazi kilikwisha zamani. Mtoto alikuwa anautafuna mdomo wake mwenyewe, huku anacheka.

Namkunda akalirukia komeo. "Babu, rudi! Nimekosa, rudi!"

Mzee wa watu alikuwa kizingitini, anatetemeka kwa baridi. Akaingia polepole, kwa ncha za vidole, asimshtue mtoto. Naetwe akaanza kujikuna shavu. Kisha uso ukamkunjamana.

"Mama, inauma!"

Namkunda akamkumbatia, akalia kwa furaha.

Na tangu siku hiyo, waganga humwomba Maumivu atoke kidogo tu, hawamfungii mlango. Ndiyo maana ganzi haikai, na ndiyo maana mnaambiwa msile mpaka mdomo uamke. Ule mwasho mnaousikia ganzi ikiisha ni yule mzee, anaingia kwa ncha za vidole.

Haya, baba mwenye koti, naona umeanza kujikuna shavu. Mkaribishe mzee.