Fungu la Nyange Lilipohama

Mchanga huhama, neno halihami. Watu wa kwetu humwambia hivyo mtu anayetaka kujitoa katika ahadi kwa kisingizio kwamba mambo yamebadilika. Methali hii ilizaliwa kati ya vijiji viwili, Chokaani na Mrongoni, na aliyetusimulia chanzo chake ni marehemu shangazi yetu, Bi Mwanarehema. Naiandika kwa kufuata maneno yake, kadiri ninavyoyakumbuka.

Kaka yangu Fumo alikuwa amerudi likizo kutoka chuo kikuu, alikokuwa akisoma sheria. Alitueleza kwamba mwalimu wao wa sheria za bahari aliwafundisha juu ya mapatano ya nchi na nchi, kisha akawauliza swali. Nchi mbili zikikubaliana mpaka wao wa baharini kwa kupima kutoka ufukweni, halafu bahari ikaula ule ufukwe, je, mpaka nao unahama? Darasa likagawanyika, nusu huku na nusu kule. Mwalimu akafunga somo kwa methali hii, akamgeukia Fumo akamwambia kwamba hiyo ni ya pwani ya kwao, akaulize.

Shangazi alikuwa anapara samaki. Hakuinua kichwa.

"Huyo mwalimu wako kwao wapi?"

"Bara, shangazi. Mbali sana."

"Basi amesikia vizuri kuliko wewe uliyezaliwa hapa," akasema. Tulicheka, na Fumo pia akacheka. Shangazi akaendelea na samaki wake huku akitusimulia.

Chokaani iko upande wa bara, na Mrongoni ni kisiwa kidogo kilicho mbele yake upande wa mashariki. Katikati pana mwamba mpana. Siku za bamvua, maji yanapokupwa kuliko siku nyingine, mwamba ule hubaki wazi, na watu huutembea kwa miguu wakichokoa pweza kwa vijiti. Mashimo ya pweza yana wenyewe. Mama humwonyesha binti yake mashimo yake kama anavyomwonyesha mipaka ya shamba, na binti naye huwaonyesha wanawe. Katikati ya mwamba palikuwa na fungu la mchanga lililoitwa Fungu la Nyange, kwa sababu ya ndege weupe waliopenda kutua pale.

Zamani vijiji hivi viligombea mwamba huo mpaka mtu akavunjwa mkono. Wazee wakaona wakiendelea hivyo watazikana. Wakakutana juu ya fungu lenyewe, maana desturi yao ilikuwa kwamba neno la bahari husemwa baharini, watu wakiwa wamesimama, na sharti liishe kabla maji hayajajaa.

"Ndiyo maana maneno yao yalikuwa machache," alisema shangazi.

Walikubaliana hivi. Magharibi ya fungu ni pa Chokaani, mashariki ya fungu ni pa Mrongoni. Wakati pweza wanapolalia mayai, mwamba wote utapumzishwa, pande zote mbili kwa pamoja. Na kwa kuwa kisiwani hakuna maji matamu, watu wa Mrongoni watateka maji kwenye kisima cha Mvinjeni, kule Chokaani, bila kuzuiwa na mtu. Wakashikana mikono wakarudi makwao. Mapatano yale yalidumu hata waliopatana wakafa wote.

Kisha ukaja mwaka wa tufani. Bahari ilichafuka, na ilipotulia watu walikuta mambo mawili. Kule Chokaani, kisima cha Mvinjeni kilikuwa kimefukiwa na mchanga, hata mdomo wake hauonekani. Na huku baharini, Fungu la Nyange lilikuwa limesukumwa upande wa magharibi, karibu na Chokaani.

Habari ya kisima haikuleta maneno. Watu wa Chokaani walichimba kisima kipya katika kiwanja cha mjane mmoja, Bi Sikudhani, kwa sababu hapo ndipo maji matamu yalipopatikana. Wanawake wa Mrongoni walipokuja na mitungi yao walionyeshwa njia mpya. Hapakuitwa mkutano wala hapakuulizwa swali.

Habari ya fungu ndiyo iliyoleta maneno. Jumbe wa Mrongoni wakati huo aliitwa Mwinyikai. Shangazi alisisitiza kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hodari wa kusema, na watu wake walikuwa na njaa, maana tufani ilikuwa imeangusha minazi yao yote. Siku ya bamvua alisimama akautazama mwamba, akaona kwamba sehemu yake nono kabisa, iliyokuwa ya Chokaani tangu zamani, sasa iko mashariki ya fungu.

Katika sehemu hiyo ndimo yalimokuwa mashimo ya Bi Sikudhani. Aliachiwa na mama yake, na kwa pweza wale alinunua unga, mafuta na nguo za wajukuu aliokuwa akiwalea peke yake. Hakuwa na mwamba mwingine. Alipofika siku ile na kikapu chake, alimkuta Mwinyikai amesimama pale na watu wake.

"Bi Sikudhani, umepotea njia," alimwambia. "Hapa ni Mrongoni."

"Tangu lini?"

"Tangu fungu lilipokaa pale. Wazee wetu walisema mashariki ya fungu ni petu. Geuka utazame liko wapi. Sisi hatukulisukuma."

Bi Sikudhani akageuka. Ni kweli, fungu lilikuwa nyuma yake.

"Nami siku zote nilidhani Mrongoni inaongozwa na jumbe," alisema. "Kumbe inaongozwa na mchanga."

Watu wa Mwinyikai wakainama kuficha vicheko, lakini hawakumpisha. Alirudi nyumbani na kikapu kitupu.

Chokaani kulichafuka. Wengine walisema mwaka huu mwamba haupumzishwi, kila mtu avue awezavyo, hata pweza wenye mayai. Vijana, wakiongozwa na mmoja aliyeitwa Shaha, walikata matawi ya miiba wakaziba kisima kipya. Walidhani Bi Sikudhani atawashukuru, kwa kuwa kisima kiko kwake na yeye ndiye aliyedhulumiwa.

Asubuhi wanawake wa Mrongoni wakafika na mitungi yao, wakakuta miiba na Shaha amesimama mbele yake. Hawakubishana naye. Walijua waume zao wamefanya nini. Walikuwa wameshageuka kuondoka Bi Sikudhani alipotoka ndani na panga, akaanza kuikata miiba ile na kuivuta kando.

"Mama, unafanya nini?" Shaha akamuuliza. "Jana wamekunyang'anya mwamba, leo unawafungulia maji?"

"Kwa nini nisiwafungulie?"

"Kisima hiki hakikutajwa kwenye mapatano. Kilichotajwa ni cha Mvinjeni, na cha Mvinjeni kimefukiwa. Hatuwadai, hawatudai."

Bi Sikudhani aliacha kukata, akamtazama.

"Unasema kama Mwinyikai," akamwambia. "Kamwombe kofia yake, itakuenea."

Wanawake wa Mrongoni walicheka, ingawa koo zao zilikuwa kavu. Mmoja wao hakucheka. Huyo alikuwa Bi Mwanatenga, mke wa Mwinyikai. Alisogea mbele akauliza kwa adabu iwapo, baada ya yale ya jana, kweli wanaruhusiwa kuteka.

"Tekeni," Bi Sikudhani akajibu. "Wazee hawakuwaahidi shimo, dada yangu. Waliwaahidi maji. Shimo limefukiwa, ahadi haikufukiwa. Nami sikusema hivi ili unirudishie pweza. Ila mumeo akiuliza, usimfiche."

Shaha akamuuliza tena, sasa kwa sauti ya chini, itakuwaje kama Mwinyikai atashupaa.

"Basi nitakuwa nimepoteza mwamba," alisema. "Sitaki kupoteza na neno."

Bi Mwanatenga alirudi kisiwani na mtungi kichwani. Hakwenda jikoni. Aliutua mbele ya mumewe, alipokuwa ameketi na wazee wenzake, akamweleza yote yaliyosemwa kisimani. Kisha akasema maneno ambayo Mrongoni wanayakumbuka hadi leo.

"Maji haya yametoka kwenye kisima ambacho babu yako hakukitaja. Ikiwa mwamba ni wetu kwa sababu ya fungu, basi maji haya si yetu. Amua, baba watoto. Tunywe au tumwage?"

Mtungi ukabaki pale katikati yao, na siku hiyo hakunywa mtu mbele ya jumbe.

Maji yalipokupwa tena, Mwinyikai aliviita vijiji vyote viwili baharini. Watu wa Chokaani walitangulia, wakajipanga juu ya fungu palipokauka, wakijua ndipo penye mkutano. Wengine walikuja na fimbo. Wakamwona Mwinyikai anakuja kutoka kisiwani na watu wake nyuma. Kabla hajawafikia akasimama. Alitazama msikiti wa Chokaani, akageuka akatazama jabali la Mrongoni, akasogea kidogo kushoto, akatazama tena kama mvuvi anayetafuta mahali pa kutia nanga. Kisha akatulia. Hapo palikuwa na bonde, na maji yalimfika magotini.

Wakamwita apande pakavu.

"Shukeni nyinyi," akawajibu. "Fungu la Nyange liko hapa."

"Jumbe, hapo pana maji matupu," Shaha akasema.

"Najua. Nimelowa, sikupofuka."

Wakashuka, wenye fimbo na wasio na fimbo, wakasimama majini wakimzunguka. Mwinyikai aliwaambia kwamba babu zao walisimama mahali hapo. Walilitaja fungu kwa sababu ndilo lililoonekana, na kila mtu alijua wanamaanisha mahali gani. Hawakuufunga mpaka kwenye mchanga ili mchanga utembee nao. Alisema alijua hivyo tangu siku ya kwanza, ila njaa ilimfundisha kusoma mapatano kwa jicho moja.

"Mchanga huhama," akasema, "neno halihami. Bi Sikudhani, mashimo yako yako magharibi yangu. Nenda, maji hayangoji."

"Nilikuwa naenda," alisema Bi Sikudhani, na tayari alikuwa ameshainama na kijiti chake.

Waliobaki wakachimbia nguzo za mikoko pale pale aliposimama jumbe, wakifanya haraka kwa kuwa maji yalikuwa yanajaa.

Hapo Fumo akauliza swali la msomi. Je, na ile njaa ya Mrongoni? Mapatano yakikaa vile vile miaka yote na watu wanaumia, hiyo nayo si dhuluma?

Shangazi alifurahi kuulizwa. Alisema kabla hawajaachana siku ile, Mwinyikai aliomba. Hakudai, aliomba. Akaeleza hali ya kisiwa chake, na watu wa Chokaani wakawakubalia wavue kipande cha upande wa Chokaani hadi minazi mipya itakapozaa. Ilipozaa, watu wa Mrongoni wakarudi upande wao bila kukumbushwa.

"Mapatano hubadilika, mwanangu," alisema. "Lakini watu ndio huyabadili, wakiwa wamesimama pamoja. Hayabadilishwi na mchanga wakati watu wamelala."

Fungu la Nyange limehama tena tangu siku hizo, likaenda kusini, likarudi, na miaka mingine halionekani kabisa. Nguzo zikioza huwekwa nyingine pale pale. Mgeni akipita huziona zimesimama katikati ya maji, mbali na fungu lolote, akauliza zinalinda nini. Na mtu yeyote wa Chokaani au wa Mrongoni atakayekuwa karibu humjibu: mchanga huhama, neno halihami.