Kindi na Wapimaji wa Twiga

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, majiko yao na hata ligi yao ya mpira wa kikapu, palikuwa na timu moja ya kulipwa iliyoitwa Radi ya Mbuga. Sogeeni karibu, na wewe wa nyuma acha kutafuna, maana kisa hiki kina makelele.

Timu hiyo iliongozwa na wakubwa watatu: Mzee Nyati, ambaye ndiye kocha, na wasaidizi wake, Mzee Kiboko na Bi Tembo. Wakikaa pamoja, benchi lililia kwi, kwi, kwi! Nao walikuwa na desturi yao. Wakishakubaliana neno, kila mmoja hupiga mguu chini, ndi! ndi! ndi! Neno lililopigiwa miguu mitatu halirudi, hata mvua ya mawe inyeshe.

Mchezeshaji wa timu alikuwa Kindi, binti mdogo kuliko mpira wenyewe. Lakini mbio zake! Unamwona hapa, ukipepesa jicho yuko kule. Na kwa maneno, usiseme.

Msimu ule walimsajili Twiga, kijana mrefu ajabu. Basi mechi yake ya kwanza, lo! Mpira wa kwanza ukampiga kifuani, puu! Wa pili akajikwaa kwa miguu yake mwenyewe. Wa tatu akaudaka vizuri kabisa, akageuka, akaudumbukiza kwenye kikapu cha timu yake. Uwanja ukacheka mpaka Fisi akaona aibu.

Baada ya mechi Mzee Nyati akatangaza, "Kesho asubuhi tunamjadili. Asipofaa, anarudi kwao kesho hiyohiyo."

Kindi akamkuta Twiga tayari anafunga mzigo: blanketi, sufuria, na skafu aliyofumiwa na mama yake, ndefu kama kamba ya kisima.

"Wakubwa wamekuuliza nini?" Kindi akauliza.

"Hawajaniuliza kitu, dada."

"Hata swali moja?"

"Hata moja."

Mkia wa Kindi ukasimama kwa hasira. Kumbe mtu anajadiliwa kama gunia la mkaa! Lakini kuliko hasira, alikuwa na hamu ya kujua.

"Umeanza kucheza lini?"

"Mvua za vuli zilizopita. Zamani kazi yangu ilikuwa kuchuma majani tu."

"Miezi minne! Haya, na ukiwa huko juu unaona nini?"

Twiga akafikiri kidogo. "Naona mpira utakapoangukia, dada. Naona kabla haujafika. Ila mikono inachelewa kupata habari."

Kindi akamtazama kuanzia kwato mpaka pembe, safari ndefu hiyo. Huyu angekuwa nani baada ya mwaka mmoja? Hakujua. Na akirudishwa kwao kesho, hakuna ambaye angejua kamwe.

"Acha kufunga mzigo," akasema, na fyuu! akatoweka.

Alasiri ileile alipita nyumba tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mama yake Mzee Nyati, bibi kizee aliyekuwa akichambua maharage barazani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu kigoda."

"Bibi, kocha wetu alikuwaje utotoni? Lazima alikuwa hodari."

"Hodari? We!" Bibi akaweka ungo chini. "Keti nikuambie. Yule?"

Kindi akaketi mpaka maharage yakaisha. Kisha akaenda kwa shangazi wa Mzee Kiboko, kisha kwa mama mdogo wa Bi Tembo. Wote walisimulia wakicheka mpaka machozi.

Asubuhi wakubwa wakakaa. Twiga akasimama pembeni, kichwa kimeinama hadi usawa wa watu wengine.

"Hana mabega," Nyati akaanza. "Mchezaji bila mabega ni ufagio."

"Hana uzito," akasema Kiboko. "Upepo ukivuma, tumempoteza."

"Hana akili ya mchezo," akasema Bi Tembo. "Mtoto hajui hata kikapu chake! Mimi nisingesahau."

Mguu wa Nyati ukaanza kuinuka.

"Samahani, wakubwa!" Kindi akarukia mgongo wa benchi. "Nina habari za vijana wengine watatu. Hebu wapimeni kwanza hao, tuone mizani yenu inavyofanya kazi."

"Si uzushi huo, wewe kimkia?" Nyati akauliza.

"Kila neno nimelitoa kwa ndugu zao wa damu, Mzee."

Wakubwa wakatazamana. Kusema kweli, walipenda sana kupima watu. "Haya, sema."

"Wa kwanza akianza kukimbia hajui kusimama. Amebomoa jiko la jirani mara mbili, na mara ya pili uji ulikuwa motoni."

"Ha! Huyo ni mkokoteni, si mchezaji!" Nyati akacheka. "Arudi kwao!"

"Wa pili analia akilowa. Kumwogesha, nyumba nzima inamkimbiza."

"Kama maji tu yanamliza, wapinzani je?" Kiboko akanguruma. "Arudi!"

"Wa tatu hushika kitu kikamponyoka. Kwao wameficha vyungu vyote, na akitumwa dukani hurudi kuuliza alitumwa nini."

"Maskini, kichwa kitupu," akasema Bi Tembo. "Arudi kwao, tena leo!"

"Mmekubaliana, wakubwa? Wote watatu?"

Ndi! Ndi! Ndi! Vumbi likatanda.

Kindi akangoja vumbi litulie. "Asanteni. Mzee Nyati, mama yako anakusalimu. Anasema lile jiko lilijengwa upya na baba yako mara zote mbili. Mzee Kiboko, shangazi yako bado anakumbuka kukukimbiza na ndoo. Na Bi Tembo, kwenu vyungu vilikaa darini miaka mitatu. Niwasaidie kufunga mizigo?"

Wakubwa wakajipindua, benchi likalia kwi, kwi, kwi!

"Lakini..." Nyati akagugumia, "lakini tulikuwa watoto!"

"Na yule pale ni nini?" Kindi akawaka. "Ninyi mlipewa miaka. Yeye mmempa mechi moja!"

Bi Tembo akawa wa kwanza kucheka, masikio yakipepea. "Ametufunga huyu. Neno letu halirudi, kwa hiyo tunarudi kwetu sisi."

"Au," Kindi akasema taratibu, "mpige miguu kwa neno kubwa zaidi: kijana mbichi hapimwi mpaka amefundishwa misimu miwili. Kwa neno hilo, ninyi mliopimwa mkiwa wabichi pia hamjapimwa bado."

Wakubwa wakanong'onezana, wakakohoa, wakatazama kando. Kisha, ndi! Ndi! Ndi!

"Na baada ya misimu miwili asipofaa?" Nyati akauliza, pua imemvimba.

"Sijui, Mzee. Hata mimi sijui. Ndiyo maana nataka kuona."

Akaruka chini, akausukuma mpira kwa miguu yote minne. "Twiga! Mikono juu! Unauona unakuja?"

"Nauona, dada!"

Puu! Ukampiga usoni.

"Tena!" akasema Kindi.

Hicho ndicho kisa cha Twiga na wapimaji wake, na funzo lake ni hili: anayemnyima kijana muda wa kujifunza hana haki ya kusema kijana huyo hawezi.